Eda ya Mtu Aliye Hai

Andika majina kwanza. Baba yangu ni Bakari bin Mwinyikai, mkulima wa minazi, mzaliwa wa Moa. Mama yangu ni Mwanasiti binti Juma, Mdigo, naye ni wa hapo hapo Moa. Mimi ni Mwantumu. Nilizaliwa katika nyumba yao na nikaolewa mbali, upande wa kusini, katika kijiji kidogo cha jirani na Mkwaja. Shule sikuisoma. Kalamu umeishika wewe, mjukuu wangu Zuhura, lakini maneno ni yangu. Usiyapambe wala usiyapunguze, na ukifika mahali pa kunionea haya, endelea kuandika.

Juzi uliniletea ujumbe. Ulisema patakuwa na mkutano mkubwa, na wakubwa wanatafuta mzee mmoja wa wale waliosamehewa zamani, akae kiti cha mbele, aseme kwamba tulikuwa wajinga, serikali ikatuhurumia, na mpaka leo tunashukuru. Ukaongeza kwamba nitapewa kanga doti moja na sukari. Nilikuuliza, "Nawe uliwajibuje?" Ukasema, "Niliwaambia Bibi atafurahi." Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mzima akijibu kwa hasira husikika sauti yake tu. Leo nimetulia. Sikiliza, mwanangu, na wengine wote mtakaosomewa haya, sikilizeni.

Nilikuwa bado msichana, mke wa Saidi, babu yenu, mwaka wa kwanza wa ndoa, amri ya kuhama ilipotufikia. Tuliambiwa tuache minazi yetu na makaburi ya wazee wetu, tukakae bara, kando ya barabara, nyumba zikiwa zimepangwa mstari. Sisemi kwamba kila tulichoahidiwa kilikuwa uongo. Shule ilijengwa kweli, na kusoma kwako kumetokana na shule ile. Lakini kitu chema nacho kina namna ya kuletwa. Sisi tuliletewa na watu waliopanda juu ya mapaa wakaezua makuti huku vyungu viko motoni. Nilikuwa napika wali. Nikasikia kishindo juu, nikainua uso, nikaliona jua ndani ya jiko langu.

Wanaume wakakataa. Walikata minazi, na kwa mtu wa pwani kukata mnazi wake mwenyewe ni jambo la uchungu, wakaizibia barabara. Walichukua mapanga na gobori moja bovu, wakaivamia kambi ya maofisa na kuichoma moto. Katika purukushani ile Saidi alimkata bwana shamba, kijana aliyeitwa Elia, Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mtu mpole aliyekuwa ametufundisha kupanda michungwa. Elia hakuwa amegusa kuti la mtu yeyote. Alinyosha mkono kujikinga, na vidole vyake viwili vya kulia vikabaki mchangani.

Uasi wetu ulikwisha upesi kuliko harusi. Lori la askari lilifika, bunduki zikapigwa hewani, na mashujaa wote wakatawanyika kama kuku. Saidi na wenzake kadhaa walikimbilia kwenye mikoko, kule ambako maji hujaa na kutoka na tope humeza mguu. Askari wakawa wanatusaka nyumba kwa nyumba, asubuhi na jioni.

Hapo ndipo baba mkwe wangu, Mzee Mwinyimvua, alipofanya jambo ambalo asiye mtu wa kwetu asingelifikiria. Alitangaza kwamba mwanawe amekufa maji akivuka mkono wa bahari, na mwili haukuonekana. Akaita watu, hitima ikasomwa, pilau ikaliwa. Baba yangu alisafiri kutoka Moa kuja kunipa pole. Mimi nikavishwa nguo nyeupe isiyo na ua wala mstari, nikaingizwa chumba cha ndani kukaa eda, nikawa kizuka, kama tunavyomwita mjane wa eda. Yule mzee alijua kwamba askari, hata awe mkali namna gani, ataona haya kuingia chumba cha mjane anayemlilia mumewe. Naye hakukosea. Walifika mlangoni, wakaniona nimekaa juu ya mkeka, wakarudi nyuma wakiomba radhi. Msako ukaondoka nyumbani kwetu.

Saidi alikuwa hai. Mama yake alikwenda mikokoni kila siku kama anayetafuta kuni, na chini ya kikapu alificha chakula. Mimi nilikuwa mjane wa mtu niliyempikia.

Nisikilizeni hapa kwa makini. Uongo ule mzee aliutunga kwa mapenzi. Lakini uongo wa namna hiyo hauna pa kutokea. Kabla ya kuondoka, baba yangu alimwambia baba mkwe wangu mbele yangu, "Eda ikimalizika nitakuja kumchukua binti yangu. Bado mdogo, hawezi kukaa hivi. Tutamwoza kwetu." Mzee Mwinyimvua angejibu nini? Alisema, "Ni haki yako." Mimi nilikuwa nimejifunika kichwa, nikang'ata ncha ya nguo nisipige kelele.

Basi siku ninayotaka muijue ni hii. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha pamba moto, nikasikia gari lenye kipaza sauti likipita kijijini. Sauti ilisema kwamba serikali imesamehe. Kila aliyejificha atoke, aje uwanjani mbele ya ghala la mbata, aweke silaha yake chini, arudi nyumbani kwake salama. Mwisho ni swala ya Ijumaa. Atakayekamatwa baada ya hapo atahesabiwa kuwa adui.

Nilimngoja baba mkwe wangu aseme neno. Alikuwa amekaa barazani, nami namwona kwa upenyo wa mlango. Gari lilipita, vumbi likatulia, naye akaendelea kusuka kamba yake. Nikamwita.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi tumwite."

"Tumwite nani? Mwanangu amekufa. Watu wamekula hitima yake hapa hapa. Nikasimame niwaambie kwamba niliwalisha uongo na Fatiha juu yake? Na msamaha wenyewe ni mtego. Ndege hutegwa kwa mtama."

"Na kama si mtego?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kama si mtego, atatoka mikono juu kama mwizi wa kuku. Afadhali alivyo sasa."

Nilirudi mkekani. Sikuwa nimefundishwa kumjibu mkwe, wala sikujua kwamba kuna mwanamke anayeweza. Mchana wake alikuja Bi Mwanakombo, somo yangu, yule aliyenifunda nilipokuwa mwari. Alikuwa amekuja na harusi yangu kutoka Moa akabaki kwa nduguze. Kwake mimi sikuwa na siri. Alifunga mlango, akakaa, akaninusa kama mtu anayenusa samaki kujua kama ameoza.

"Unanuka ujane," alisema. "Nani kafa?"

"Somo, unajua."

"Ninajua. Ninayemuuliza ni wewe. Kila siku unampikia wali, kila siku unamlilia. Maiti gani huyo mwenye tumbo? Mimi nilikufunda kumtunza mume, sikukufunda kumzika kabla ya siku zake."

"Baba mkwe amekataa."

"Yeye amekataa aibu yake. Mume ni wako. Wanaume walipokwenda kuchoma kambi hawakukuuliza. Walipokuvika hiyo nguo hawakukuuliza. Sasa wewe nawe unangoja kuulizwa?" Akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Asumini imechanua nyuma kwa Mwajuma. Mjane haruhusiwi kuivaa. Mwenye mume anaruhusiwa."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Ijumaa asubuhi nilioga, nikajipaka mafuta na udi, nikatia wanja. Ile nguo nyeupe niliikunja vizuri nikaiweka juu ya kitanda. Nikavaa kanga zangu za harusi, nyekundu, nikachoma asumini kwenye nywele, nikatoka kwa mlango wa mbele. Si wa uani, andika hivyo, wa mbele, mahali alipokaa baba mkwe wangu.

Kamba ilimdondoka mkononi. "Mwantumu! Unaniua!"

"Hapana, baba. Ninakurudishia mwanao."

Kijiji chetu kilikuwa na njia moja kubwa, nami niliipita yote. Wanawake walitoka milangoni na miko mikononi.

"Jamani, njooni mwone! Kizuka kajitia asumini!"

"Na eda haijaisha! Kapata bwana huyo!"

"Bwana ninaye," nikawajibu bila kusimama. "Ni yule yule."

Nilisikia mwiko ukianguka. Sikulazimika kumweleza mtu yeyote chochote zaidi. Hakuna mwanamke wa pwani asiyejua maana ya asumini kwenye kichwa cha mwenye eda. Nilipogeuka nikaona wananifuata, na miongoni mwao wake wa wale wengine waliokuwa mikokoni.

Uwanjani alikuwapo Mkuu wa Wilaya, kijana kutoka bara, amekaa kwenye meza na karani wake, askari wamesimama nyuma. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Elia, mkono umefungwa kitambaa. Hapakuwa na muasi hata mmoja aliyejitokeza. Nilimsalimu mkubwa yule kwa adabu zote, akaniuliza mimi ni nani.

"Mke wa Saidi wa Mzee Mwinyimvua."

Karani alimnong'oneza. "Saidi amekufa maji," akasema Mkuu wa Wilaya. "Nimearifiwa kwamba hitima yake imesomwa."

"Imesomwa, na pilau imeliwa. Mwenyewe yu hai."

Mkuu wa Wilaya akainama juu ya meza. "Yuko wapi?"

"Hapo sikuambii mpaka uniapie kwamba hamtamgusa."

Askari mmoja alicheka. Mkuu wa Wilaya hakucheka. "Serikali haiapi, mama. Serikali ikisema, imesema."

"Ilisema pia kwamba hakuna atakayehamishwa kwa nguvu, Bwana Mkuu. Nilikuwa jikoni, na mpaka leo paa langu liko wazi."

Mwanangu, nilidhani nitafungwa pale pale. Hapo ndipo Elia aliposimama.

"Mimi nitakwenda naye," alisema. "Bila askari na bila bunduki. Mkiupiga risasi msamaha wenu, mtanipiga mimi pamoja nao. Na wao wakitaka kunimalizia, wanajua walipoishia." Akauinua ule mkono.

Mkuu wa Wilaya alimtazama, akanitazama, akasema, "Nendeni."

Maji yalikuwa yametoka. Elia, mtu wa milimani, alizama kwenye tope mpaka magotini katika hatua za mwanzo, akasema, "Ardhi ya kwenu haina adabu." Nilicheka, nami sikuwa nimecheka tangu kuezuliwa. Kwa kuwa haikuwa heshima kumshika mkono mwanamume asiye wangu, nikampa ncha ya fimbo, nami nikashika ncha ya pili, nikamvuta hivyo mpaka ndani ya mikoko.

Saidi alitoka nyuma ya mizizi, amekonda, ngozi imejaa alama za mbu, panga liko mkononi. Aliona asumini kwanza.

"Umejipamba kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, maiti wangu."

Kisha akamwona Elia, na mkono wenye panga ukakaza. Elia hakurudi nyuma. Nadhani hata angetaka tope lisingemruhusu.

"Serikali imekusamehe, Saidi," akasema. "Mimi bado. Lakini toka."

Saidi akaniuliza, "Ni mtego?"

"Sijui," nikamwambia, kwa maana sikujua, na sikutaka kumtoa mume wangu kwa uongo mwingine. "Ninachojua ni kwamba ukikaa humu eda itaisha, baba atanichukua, nitaolewa Moa. Wewe utabaki unapumua, huna mke, huna jina, na kaburi lako halina mtu. Chagua unataka kufa wapi."

Saidi akapiga mluzi, na wenzake wakatokea mmoja mmoja.

Pale uwanjani waliambiwa waweke silaha chini na kila mmoja aseme maneno haya: nimekosa, ninashukuru. Wenzake walisema. Zamu ya Saidi ilipofika alisimama wima, akasema, "Kumkata Elia nimekosa, na kosa hilo sitalikana. Kukataa kuezuliwa nyumba yangu sikukosa." Mama yake alijifunika uso. Askari aliyecheka mwanzo alipiga hatua mbele. Mkuu wa Wilaya akainua kiganja kumzuia. Alimtazama Saidi, akatazama panga lililolala mchangani, akanitazama mimi na asumini yangu iliyokwisha kunyauka.

"Panga liko chini," akasema. "Hilo ndilo nililoliomba. Nenda kaoge, mkeo ameshajiandaa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na watu waliokuwa wakiogopana asubuhi wakawa wanafutana machozi. Ninaliandikisha hili ili ijulikane kwamba sina chuki na serikali. Yule kijana wa bara alijua kusamehe. Alitaka silaha, akapewa silaha. Hakutaka moyo wa mtu uwekwe mezani pamoja nazo. Tulihama. Tulishindwa, nami sifichi. Lakini tulihama tukiwa watu.

Mzee Mwinyimvua alijifungia kwa siku kadhaa. Kisha alichinja mbuzi, akawaita wale wale waliokula hitima, akasimama mbele yao. "Mara ya kwanza niliwalisha uongo," alisema. "Leo kuleni ukweli, na atakayenicheka acheke akiwa ameshiba." Tangu siku hiyo aliniita mama.

Mambo yaliharibika baadaye, walipokuja wakubwa wengine. Tulipoomba dawa kwenye zahanati tuliambiwa, "Ninyi mnasahau kwamba mlisamehewa?" Tulipoomba kisima, maneno ni yale yale. Kila aliyekuja alitusimbulia, akatuhesabia wema ambao hakuutenda yeye. Msamaha uliotolewa kwa dakika moja tulidaiwa shukrani yake kwa umri mzima. Saidi hakuwajibu. Aliomba kisima tena.

Lakini kwa Elia alifanya tofauti. Elia aliacha kazi ya serikali, akanunua shamba la michungwa Muheza. Kila msimu Saidi alikwenda kumchumia, bila kuitwa, kwa sababu mkono ule haukuweza tena kushika tawi na kisu. Alipanda, akachuma, akajaza matenga, akala alichopewa, akarudi. Miaka ilikwenda na Elia hakusema neno lolote juu ya yaliyopita, wala Saidi hakuuliza. Mpaka msimu mmoja Elia alimkuta mlangoni akamwambia, "Mwaka huu nimeajiri kijana. Wewe njoo ule tu." Saidi alirudi nyumbani akiwa na chungwa moja. Alilimenya, akanipa nusu, akalia. Huo ndio msamaha wa pili, na ulichelewa kwa sababu ulikuwa wa kweli.

Saidi alipofariki, safari hii kitandani kwake, nilifungua sanduku nikaitoa nguo ile nyeupe. Niliivaa na nikakaa eda yote mpaka mwisho, kwa haki yake. Wana wa Elia walikuja kuzika.

Sasa jibu langu kwa waliokutuma ni hili. Sitakaa kiti cha mbele. Waambie nilikwisha sema maneno yangu uwanjani nikiwa msichana, na mume wangu alisema yake, na aliyekuwa na mamlaka aliyasikia akatuacha twende. Sitayasema upya kwa kugeuza. Kanga wampe mwenye shida nazo. Nina kanga.

Nanyi vijana, mkikosa na mkasamehewa, upokeeni msamaha mkiwa mmesimama. Semeni kosa lenu kwa jina lake, na lisilo kosa msikubali kuliita kosa ili mfungue mlango haraka. Serikali inaweza kusamehe lililo lake tu; mtu mliyemuumiza mtamwendea wenyewe, kwa miguu yenu na kazi ya mikono yenu, na kama atasema bado, mtarudi msimu ujao. Na atakayepata madaraka miongoni mwenu, naye akawa na uwezo wa kusamehe, asamehe kisha anyamaze. Akimsimbulia aliyemsamehe, ajue amemrudisha mikokoni.

Wewe Zuhura, nguo nyeupe imo sandukuni, chini ya kanga nyekundu. Zitunze zote mbili pamoja, usizitenganishe. Ile nyeupe usiivae kwa mtu aliye hai, hata akulazimishe nani. Ukipita Muheza, ingia nyumbani kwa wana wa Elia, hata kama huna haja ya machungwa. Mungu akupe mume utakayemtafuta, na watu wa kukuvuta kwenye tope kwa ncha ya fimbo. Akupe mdomo usiopinda. Amina.

Sasa nisomee jina la baba yangu, nisikie kama umeliandika sawa.